Ukuta wa Wachelewaji

Maneno haya niliyasema Jumamosi kwenye uwanja wa shule yetu hapa Goma, siku wanafunzi wa zamani tulipokutana kumkumbuka marehemu Papa Prefe, mkuu wetu wa shule na kocha wa mpira. Wengi mlioko Kampala, Nairobi, Kinshasa na Ulaya mliniomba niyaandike yote, maana tangu vita vya Januari 2025 kufika kwetu si jambo la kuamka asubuhi na kukata tiketi. Haya basi. Nimeyaacha jinsi yalivyotoka kinywani. Pale niliponyamaza kwa sababu ya machozi, hapo mtaruka pamoja nami.

Wababa na wamama, walimu wangu, wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo mliokaa juu ya ukuta ingawa mmeambiwa mara tatu mshuke: hamjambo?

Mama Prefe, jambo sana, na pole tena. Tumekuja wengi kuliko viti. Najua angekuwepo angesema waliokosa viti ndio waliochelewa, na mngejua la kufanya.

Kamati imenipa dakika ishirini. Mnakumbuka yeye alikuwa anatumia ngapi? Mbili! Wakati wa mapumziko ya mechi aliwaacha wachezaji wanywe maji, anazunguka anatazama viatu, halafu anainama kwa mtu mmoja, mmoja tu, anamwambia kitu sikioni. Na mtu huyo alikuwa ni yule aliyecheza vibaya kupita wote. Wengine hawakusikia kitu. Mimi nilikaa kando yake miaka mitatu nikishika kaye, yaani daftari, ya timu, na mpaka leo sijui alikuwa anasema nini. Nimewauliza watatu kati ya mlioambiwa. Mmoja alisema ni siri. Wa pili alisema amesahau, na nilimwona anadanganya. Wa tatu yuko hapa, anatazama pembeni.

Kwa wasionijua: mimi ni yule msichana wa kaye. Sikuwa mchezaji, mpira niliuogopa. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na Papa Prefe aliona mwandiko mzuri hauwezi kukaa bure. Leo ni mhasibu, na kazi hiyo niliianza hapa, nikihesabu jozi za viatu kumi na tatu kwa wachezaji ishirini na wawili.

Sasa nawaomba mtazame chini. Tazameni mlipokanyaga. Wadogo wanadhani huu ndio uwanja wa shule. Huu ni uwanja wa pili. Wa kwanza uko chini ya miguu yenu, na goli lake moja limelala humo. Wale wazee wa 2002 wanajua. Tuliporudi baada ya volkano, lava ilikuwa imepita hapa kama mtu anayekata njia ya mkato, imefunika nusu ya uwanja, na mwamba wa juu wa goli la upande wa ziwa ulibaki umetokeza mpaka magotini mwetu. Magotini! Goli ambalo nilizoea kuliona juu ya vichwa vya makipa. Mwenzetu mmoja alikaa juu yake kama benchi akacheka mpaka akalia.

Tulifikiri mambo ya mpira yamekwisha. Jiwe la volkano mnalijua, halina adabu, linakata kiatu, linakata ngozi. Nani atacheza hapo? Papa Prefe alitembea juu yake kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, akarudi, akasema: "Uwanja umepanda. Na sisi tutapanda."

Hapo ndipo sheria ya mawe ilipozaliwa. Kabla ya hapo mtu akichelewa shule zetu zilijua mambo mawili: fimbo, au kupiga magoti jua likuchome utosini. Yeye alifuta yote mawili. Ukichelewa, unakwenda uwanjani, unachukua nyundo, unavunja jiwe moja, unalibeba mpaka kwenye mpaka wa shule, unaliweka. Dakika tano, jiwe moja. Dakika kumi, mawili. Mwalimu naye akichelewa, jiwe. Na siku moja alirudi kutoka mkutano wa wakaguzi saa nne, tukamwona anavua koti, anakunja mikono ya shati. Alihesabu saa yake vizuri, hakujipunguzia. Alibeba mawe mpaka saa sita, na sisi darasani hatukusikia neno hata moja la mwalimu wa kemia, tulikuwa dirishani.

Mawe yalitoka uwanjani, uwanja ukalainika. Mawe yalifika mpakani, ukuta ukainuka. Huo mnaoukalia, wadogo, ni uvivu wa kaka zenu na dada zenu. Kila jiwe ni mtu aliyelala kupita kiasi. Mimi nina mawe arobaini na matatu humo, na mengine ni kwa sababu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyoanguka njiani na shehena ya makaa, nilijieleza, hakunisikiliza. Anayetaka kunipita kwa hesabu ainue mkono. Haya, wewe? Sitini? Pole. Na sasa ni daktari, jamani, mtu wa mawe sitini!

Nataka kuwapeleka mbali kidogo, kwenye redio ya mwaka 1974.

Kila mchezaji aliyepita hapa amesikia hadithi hii, na asiyecheza ameisikia kwa mchezaji. Papa Prefe alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, hakuwa na redio kwao, kwa hiyo walijazana kwa jirani. Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani. Leopards wetu wa Zaire, ndilo jina la Kongo wakati ule, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, dhidi ya Yugoslavia. Mnajua matokeo. Tisa bila. Mpaka leo mtu akitaka kutucheka anatuletea hiyo tisa bila.

Yeye aliisimulia tofauti. Hakuanza na tisa. Alianza na mtu mmoja: Ndaye Mulamba. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, huko Misri, Ndaye alikuwa amefunga mabao tisa katika Kombe la Afrika, akatuletea kombe nyumbani. Mabao tisa katika mashindano mamoja. Hakuna aliyefikia hapo tena mpaka leo. Halafu anakwenda Ujerumani na wenzake, na huko wanaanza kusikia kwamba zile fedha walizoahidiwa hazipo. Wanacheza na njaa ya ahadi. Mabao matatu yanaingia upesi, kipa Kazadi anatolewa, anaingia Tubilandu, la nne linaingia, wachezaji wanamzunguka mwamuzi kwa hasira, na katika vurugu hiyo mmoja wao anampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi anageuka. Anatoa kadi nyekundu. Anampa nani?

Anampa Ndaye. Na aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga.

Papa Prefe aliigiza yote. Alipiga filimbi, aligeuka, alitoa kadi mfukoni, alitembea kichwa chini kama Ndaye. Kisha alituuliza: "Kadi hii ni ya nani?" Na sisi tulijibu kwa sauti moja... Mnakumbuka? Semeni!

Kadi ya mwingine!

Ehe. Kadi ya mwingine. Lilikuwa neno la shule hii. Mtoto akiletwa ofisini kwake, ameshikwa shati, mwalimu amekasirika, swali lilikuwa hilo moja. Kioo kimevunjika: kadi hii ni ya nani? Msichana analala darasani: kadi hii ni ya nani? Na mara nyingi ulikuta ni ya mwingine. Ni ya baba aliyekunywa usiku kucha na kuvunja sahani. Ni ya bomba la maji lililokauka, msichana ameshuka ziwani na madumu tangu saa kumi za alfajiri.

Ningeweza kuishia hapo mngeondoka mmefurahi. Lakini mimi nilishika kaye yake, na kaye haijui kumpaka mtu mafuta. Kuna siku yeye mwenyewe alitoa kadi ya mwingine.

Mwaka 2001, mwezi wa kumi na moja. Mnajua jinsi shule zetu zilivyobebwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulipogeuka kuwa hadithi, wazazi ndio walioanza kumlipa. Mtoto akilipa, mwalimu anakula. Mtoto asipolipa, mwalimu anafundisha na tumbo tupu mpaka siku moja hafundishi tena. Na nani anasimama katikati na orodha mkononi? Prefe. Siyo waziri, siyo gavana. Prefe.

Jumatatu hiyo walimu walikuwa wamemwambia wazi: wiki moja zaidi bila kitu, tunafunga madarasa. Na walikuwa na haki. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anakuja kwa mguu kutoka Ndosho, anarudi kwa mguu. Basi asubuhi, mbele ya bendera, Papa Prefe alisoma orodha ya wasiolipa. Majina thelathini na moja. Aliyesomwa alitoka kwenye mstari, alichukua mfuko wake, alitoka getini. Ninyi wote mmeona hilo. Wengine mmetoka kwenye mistari hiyo. Unajua jinsi njia ya kwenda nyumbani inavyokuwa ndefu saa mbili ya asubuhi, umevaa sare, na kila mama anayeuza lengalenga barabarani anajua kwa nini unarudi.

Kati ya wale thelathini na moja kulikuwa na winga wetu wa kushoto, wa darasa la tano. Sitataja jina lake, hakunipa ruhusa. Mguu wake wa kushoto, jamani. Nimeangalia mpira miaka yote hii na mguu kama ule sijauona tena hapa.

Jumamosi kulikuwa na mechi. Akaja. Alifikiri nini? Alifikiri kama sisi sote tulivyofikiri, kwamba orodha ni ya Prefe na mechi ni ya Kocha, na hao ni watu wawili. Akasimama karibu na lile goli ambalo leo limezikwa. Na Papa Prefe, filimbi shingoni, akamwambia: "Karatasi ya malipo iko wapi?"

Mvulana hakujibu. Alikaa chini, akavua viatu vya timu, akavifunga kamba pamoja, kiatu kwa kiatu, akaviweka chini ya mwamba. Akaondoka miguu mitupu.

Papa Prefe aliniambia: "Mkate." Nikachukua biki nyekundu nikapiga mstari juu ya jina. Mimi ndiye niliyepiga ule mstari. Nataka mjue hilo pia. Tulishinda mechi, mbili moja, na nimeiandika kwenye kaye kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu winga hakurudi. Wiki iliyofuata tukasikia amekwenda Rubaya, kwenye machimbo ya madini ya koltani. Ilikuwa miaka ile ambayo bei ya koltani ilipanda kama wazimu, na ingawa ilikuwa imeshuka tena, vijana walikuwa bado wanapanda malori ya Masisi na koleo. Shule nyingi za Kivu zilipoteza wavulana namna hiyo. Ya kwetu ilimpoteza huyo kwa mkono wetu wenyewe.

Miezi miwili baadaye, Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo, volkano yetu, ikafunguka.

Wadogo, ninyi mna volkano yenu, ya 2021, na siwadharau. Ile ya 2002 iliingia mjini. Ilipita juu ya njia ya ndege, ilipita juu ya kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikakata mji vipande viwili, ikashuka mpaka ziwani na maji yakachemka. Tukakimbia, wengine Sake, wengi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mama yangu alibeba sufuria na mtoto. Baba alibeba godoro. Mimi nilikuwa na mfuko wa shule mgongoni kwa sababu nilikuwa nimetoka shule, na ndani ya mfuko kulikuwa na kaye ya timu na ile ya majina ya shule nzima, niliyokuwa nimepewa kuinakili upya. Sikuziokoa. Nilizisahau mgongoni, ndiyo ukweli.

Siku ya pili, Gisenyi, katika umati ule, watu wamelala kando ya barabara juu ya vitenge, nasikia mtu ananiita. Papa Prefe. Shati limechanika begani, kiatu kimoja kimefungwa na kamba. Hakuniuliza umekula. Hakuniuliza wazazi wako wako wapi, aliwaona. Akaniuliza: "Kaye iko?"

Nikamtolea.

Akaanza kusoma. Mnasikia? Akaanza kusoma majina ya shule nzima, darasa kwa darasa, akitembea kati ya watu waliolala. Anasoma jina, anasimama, anangoja. Anasoma tena. Watu walidhani amepata wazimu wa moshi. Halafu upande wa kulia, kutoka chini ya turubai, sauti ndogo: "Niko!" Hatua ishirini mbele: "Niko!" Mama mmoja aliinuka akajibu badala ya mwanawe aliyelala: "Yuko! Yuko hapa!" Na mimi nilitembea nyuma yake na biki, ninaweka alama. Alama baada ya alama. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Watoto waliopotezana na wazazi walianza kumfuata, kwa sababu mtu anayesoma majina ndiye atakayekutana na wazazi wao kwanza, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wanne.

Jioni hiyo alifika darasa la tano. Alifika kwenye mstari mwekundu. Akasoma jina.

Nikamwambia, "Papa, huyo tulimkata."

Akasoma tena. Akangoja kama alivyowangoja wengine. Kulikuwa kimya, mlima unatoa mwanga mwekundu kule juu. Akaniomba biki, ile ya bluu, akainama, akaandika jina lile upya chini kabisa ya ukurasa kwa mwandiko wake mbaya. Hakusema kitu. Tukaendelea na darasa la sita.

Tangu siku hiyo sikumwona tena akisoma orodha ya minervali, yaani ada ya shule, mbele ya bendera. Kamwe.

Je, madeni yaliisha? Hayakuisha. Alichofanya, jioni baada ya mazoezi alichukua kaye akatembea nyumba kwa nyumba. Kadi hii ni ya nani? Ni ya mzazi, basi nakwenda kwa mzazi. Na mzazi asiye na fedha ana nini? Fundi mwashi alilipa kwa kuunganisha mawe ya wachelewaji na saruji, mwaka baada ya mwaka, watoto wake watano wakamaliza; ukuta huu una sahihi yake kwenye kona ile. Mama wa makaa alilipa kwa makaa. Mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alilipa kwa sambaza, na katika chumba cha walimu kulikuwa na mzaha kwamba mshahara wetu unanuka ziwa.

Mzaha, ndiyo. Lakini huwezi kumlipa mwenye nyumba kwa sambaza. Mimi ni mhasibu, lazima niseme. Walimu wa shule hii waliumia kwa sababu ya huruma ya Papa Prefe. Shule jirani zilizofukuza watoto zililipa walimu wao vizuri zaidi. Yule mwalimu wa hesabu wa Ndosho, tuliyempenda, aliondoka akaenda kubeba mafaili katika shirika la misaada, na hakuna aliyemlaumu. Papa Prefe alimsindikiza mpaka getini. Mimi nilikuwa hapo. Mwalimu alimwambia, "Papa, na mimi nina watoto." Papa Prefe akajibu, "Najua. Kadi yako pia ni ya mwingine." Lakini hakuwa na kitu cha kumpa zaidi ya maneno hayo, na maneno hayanunui unga. Walimu walioko hapa, mliobaki miaka ile yote, simameni kidogo tuwaone.

Hao hapo. Tunapozungumza habari za Papa Prefe, sehemu ya wema wake ililipwa na mifuko ya hawa. Wapigieni makofi, tena ya kweli!

Asanteni. Mwaka 2019 Serikali iliposema shule ya msingi ni bure, sisi ni sekondari, lakini mzazi gani alisikia sehemu ya pili ya habari? "Prefe, rais amesema bure!" Alitembea nyumba kwa nyumba tena, na miaka sitini na zaidi mwilini, akieleza tofauti. Nitaipita hiyo, mnaijua, na joto linaanza.

Ninawadai habari ya timu ya wasichana. Nilikuwa darasa la mwisho. Tulikwenda kwake wasichana tisa kuomba mpira. Hakufurahi, nisimfanye malaika. Alisema wazazi watamla. Mmoja wetu akamuuliza: "Papa, wavulana wakichafua uwanja kwa vita vyao, na sisi tumekatazwa. Kadi hii ni ya nani?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaenda stoo akarudi na mpira ulioshonwa mara nne. Mimi niliyeogopa mpira nikawekwa golini, mnaweza kuwaza. Mechi ya kwanza tulifungwa saba. Wakati wa mapumziko alizunguka, akatazama viatu, akaja kwangu akainama. Kwa hiyo, ndiyo, niliwadanganya pale mwanzo. Mimi ni mmoja wa wanaojua anasema nini sikioni. Na sitawaambia.

Winga? Najua mnangoja.

Papa Prefe alinisimulia mara moja tu, miaka mingi baadaye. Alisimamisha pikipiki pale kwenye mzunguko wa Chukudu aende Katindo. Akapanda. Hawakusema kitu njia nzima, lakini dereva alikuwa na mguu wa kushoto uliokunjwa namna fulani kwenye gia, na yeye akautambua mguu kabla ya uso. Walipofika, alishuka, akatoa noti kubwa, akamwambia, "Baki nayo." Yule mtu akahesabu chenji polepole, mpaka faranga ya mwisho, akamwekea mkononi. "Asante, Papa Prefe." Akaondoka.

Chenji ile hakuitumia. Mama Prefe ameniambia juzi bado iko kwenye droo, katika bahasha, noti chache zilizochakaa.

Nimalizie, maana kuna mechi na wachezaji wameanza kunitazama kama mwamuzi asiyejua saa. Januari 2025 risasi zilipokuwa zinapita mjini, familia za mtaa huu zililala hapa, chini chini, nyuma ya ukuta. Sitasema siasa. Nasema ukuta tu. Mama mmoja wa jirani aliniambia usiku ule aliweka watoto wake wote mgongo kwenye mawe na akashukuru, bila kujua anamshukuru nani, watu wote waliowahi kuchelewa shule. Papa Prefe alikuwa tayari mgonjwa. Aliamriwa asitoke kitandani. Asubuhi ilipotulia alikuja na fimbo yake, kaye kwapani, akasoma majina. Sauti yake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alisoma anachoweza, na mtoto wa darasa la pili alirudia kwa sauti kubwa nyuma yake.

Sasa tazameni kule, upande wa mlima, karibu na ule mti wa mparachichi. Mnaona? Ukuta una pengo, kama hatua sita. Nilimuuliza kwa nini hakuumaliza. Aliniambia, kwa hasira ya kweli, kwamba watoto wa siku hizi wanakuja mapema na mawe yamekosekana.

Mimi leo nilipaswa kufika saa tatu. Mwenyekiti wa kamati ni shahidi, nimefika saa tatu na dakika kumi na saba. Barabara ya Himbi imefungwa, nilikuwa na sababu, lakini sikuieleza kwa mtu. Mawe yangu matatu yako pale nje, juu ya chukudu ya yule kijana mwenye kofia ya njano, na nyundo iko stoo palepale ilipokuwa. Waliofika baada yangu, na nimewaona, nimeandika majina yenu.